Sauti zimenyamaza, mbona naye kanyamaza?

"Dokta, zile sauti zimeondoka, lakini na mwanangu kaondoka nazo."

Mama mmoja aliniambia hivyo kliniki, kijana wake wa miaka 26 kaketi pembeni kainamisha kichwa. Ni fundi cherehani (mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike). Miezi minne nyuma alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimtukana, akiamini majirani wanamtilia sumu kwenye ndoo ya maji. Dawa zilimtuliza. Sasa haamki mpaka adhuhuri, hali chakula bila kusukumwa, na cherehani yake imefunikwa kanga tangu alipotoka wodini. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na jambo hili linaniuma. Mtu mwenye saikosisi (hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo) akipata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi hakuna anayeishughulikia, kwa kuwa sote, wahudumu tukiwemo, tumeshapumua: fujo zimekwisha.

Kuitambua kunataka subira. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta saikosisi, yenyewe humpunguzia mtu ari, na uso ukakosa hisia. Dawa za kutuliza saikosisi, kama haloperidoli, nazo zinaweza kumkaza misuli, akatembea polepole na mikono ikatetemeka. Ndiyo maana napenda dodoso la Calgary, lenye vipengele 9, lililotungwa mahsusi kwa wenye skizofrenia. Halihangaiki na uchovu. Linauliza kama mtu amekata tamaa, anajilaumu, anajiona hafai.

Nilimuuliza kijana kwa nini hashoni. Akajibu kwa sauti ya chini, "Uzi haupiti kwenye sindano." Nikamwomba anyooshe mikono. Ilikuwa inatetemeka. Daktari wa akili akampunguzia dozi, na baada ya wiki chache uzi ukapita. Kanga ikabaki pale pale juu ya cherehani.

Kilichobaki kilikuwa aibu. "Nilivua nguo mbele ya wateja wangu. Nani ataniletea kitambaa tena?" Mwaka 2000, Max Birchwood na wenzake nchini Uingereza waliandika kuhusu jambo hili hili: sonona inayofuata saikosisi inahusiana sana na jinsi mtu anavyouona ugonjwa wake, kwamba umempokonya alichokuwa nacho, umemdhalilisha, umemfungia njia zote.

Maneno ya "usijali, yatapita" hayamfai mtu huyu. Tulichukua daftari. Jumatatu: kuondoa kanga na kuitia cherehani mafuta, basi. Alhamisi: kupunguza urefu wa sketi ya shule ya mdogo wake. Kila kazi aliipa alama, 0 hadi 10, jinsi ilivyompa raha. Ya Alhamisi aliipa 4, akaitazama ile namba kwa muda mrefu.

Kisha tukalipima lile wazo lake. Alichagua wateja wawili wa zamani akaenda kuwasalimu. Mmoja alimletea suruali ya kubadilisha zipu. Wa pili hakuitikia salamu, na huyo tulimzungumzia zaidi kuliko wa kwanza. Unyanyapaa upo, nikimwambia ni mawazo yake tu, nitakuwa namdanganya, naye atajua. Tulichotafuta ni kama mtu mmoja asiyeitikia salamu ndiye mtaa mzima.

Kila kikao nauliza waziwazi kuhusu kujiua. Takriban watu 5 kati ya 100 wenye skizofrenia hufa hivyo, na siku za baada ya kutoka wodini ni za hatari zaidi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Kijana huyu alinijibu kwamba usiku mmoja alimwaga vidonge vyake vyote kitandani akavihesabu. Tangu siku hiyo vidonge anavitunza mama yake na kumpa kwa siku; dawa hazikuachwa, maana tiba ya mazungumzo huenda pamoja nazo. Mama naye aliliacha neno "mvivu". Aliliacha kwa shida, ila aliliacha.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka vikao vya tiba ya mazungumzo visivyopungua 16 kwa mtu mwenye saikosisi. Wengi wa wagonjwa wangu nauli yao inaishia kwenye cha sita au cha nane, kwa hiyo naanza na kazi za mikono mapema, nisisubiri tumalize kuchambua mawazo.

Kikao cha saba kijana alichelewa dakika 40, tukawa tumeshaanza kumpigia simu. Akaingia anahema, vipande vya uzi wa bluu vimemganda kwenye shati. "Samahani dokta. Shule zinafunguliwa Jumatatu, nilikuwa namalizia sare za watu."