Kwa Nini Sikukuu ya Obon Ina Tarehe Tatu?

Msafiri mwenye subira anaweza kuhudhuria Obon mara tatu nchini Japani katika mwaka mmoja. Mwaka 2023, kwa mfano, kilele cha sikukuu hiyo ya Kibudha ya kuwakumbuka marehemu kiliangukia Julai 15 jijini Tokyo, Agosti 15 katika sehemu kubwa ya nchi, na Agosti 30 kisiwani Okinawa.

Asili yake husimuliwa kwa kisa cha Mokuren, mwanafunzi wa Buddha, aliyemwona mama yake marehemu akiteswa na njaa isiyoshibika. Alielekezwa kuwapa sadaka watawa waliokuwa wakihitimisha itikafu yao ya msimu wa mvua, siku ya 15 ya mwezi wa saba. Mama akaokoka, na mwana akacheza kwa furaha. Ndiyo maana katika viwanja vya mahekalu watu huzunguka jukwaa lenye ngoma, chini ya taa za karatasi. Majumbani baadhi ya familia hutia miguu ya vijiti kwenye tango na biringanya: tango ni farasi wa kuzileta haraka roho za wazee waliokufa, biringanya ni ng'ombe wa kuzirudisha polepole.

Wengi hudhani kwamba tarehe ya Agosti, kwa kuwa ndiyo iliyoenea, ndiyo ya asili, na kwamba watu wa Tokyo ndio walioihamisha. Wengine hushika kinyume chake: mwezi wa saba ni Julai, basi Tokyo imehifadhi mila. Dhana zote mbili zina kasoro ile ile, kwani mwezi wa saba uliokusudiwa haukuwa Julai hata kidogo. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, ambao siku yake ya 15 huangukia kati ya Agosti na mapema Septemba. Tokyo ilihifadhi namba ikapoteza msimu. Wa Agosti walikaribia msimu wakaiacha namba. Wote kwa pamoja walipoteza mwezi wa angani, maana siku ya 15 ya mwezi mwandamo huwa na mwezi mpevu, na Obon ilikuwa sherehe ya mbalamwezi. Agosti 15, 2023 ilikuwa siku moja tu kabla ya mwezi kuandama. Waliocheza usiku huo walitegemea taa.

Kalenda hiyo inaeleweka vyema ikilinganishwa na ya Kiislamu. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa takriban siku 11. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka hadi imalize misimu yote. Kalenda ya zamani ya Japani nayo ilirudi nyuma, lakini iliongezewa mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19. Okinawa, inayoifuata bado kwa sikukuu hii, inaonyesha mwendo huo wazi: Agosti 30 mwaka 2023, Agosti 18 mwaka 2024, kisha, baada ya mwezi wa nyongeza, Septemba 6 mwaka 2025.

Serikali ya Japani ya enzi ya Mfalme Meiji iliifuta kalenda hiyo ghafla: siku iliyofuata tarehe 2 ya mwezi wa 12 ikawa Januari 1, 1873. Kwa hesabu ya zamani mwaka huo ungekuwa na miezi 13, na maofisa walilipwa kwa mwezi. Ōkuma Shigenobu, mmoja wa viongozi wa serikali hiyo, alieleza baadaye kwamba mishahara ilichangia uamuzi. Kuhusu mikoa kusogea hadi Agosti, maelezo ya kawaida ni kwamba katikati ya Julai wakulima walikuwa bado na kazi nyingi mashambani. Yanaingia akilini, ingawa sidhani kama yanatosha kwa kila mji.

Mahekalu ya Wajapani huko California na Hawaii yamekwenda mbali zaidi. Husherehekea kwa zamu, wikiendi hii hekalu hili na ijayo lile, kuanzia Juni hadi Agosti, ili waumini na wachezaji watembeleane. Mengi ya yale ya California ni ya madhehebu ya Jōdo Shinshū, ambayo hayafundishi kwamba roho za marehemu hurejea siku maalumu. Pengine ndiyo sababu yanaweza kupanga Obon kwa kutazama kwanza ratiba ya jirani.