Je, Wajua Kwa Nini Chui wa Unguja Bado Anaonekana Ilhali Wataalamu Wanasema Ametoweka?

Ukipita katika vijiji vya kusini mwa Unguja, kuanzia pembezoni mwa msitu wa Jozani hadi Muyuni na Makunduchi, hutakosa mtu wa kukuambia bila kusitasita kwamba chui yupo; na ikiwa si yeye aliyemwona, basi ni mjomba wake, au jirani aliyekuwa akirudi shamba wakati wa magharibi. Wakati huohuo, wataalamu wengi wa wanyamapori wamekwisha kumhesabu chui huyo miongoni mwa wanyama waliotoweka duniani. Inakuwaje basi mnyama asiyekuwepo aendelee kuonekana? Wako wanaojibu kwa wepesi kwamba wanavijiji wanatunga, lakini jibu hilo ni la dharau, na zaidi ya hayo halielezi chochote. Sababu ya kweli inapatikana katika historia ya kisiwa chenyewe, na sehemu yake inapatikana pia mbali sana na hapa, katika nyika za Uingereza.

Tuanze na mnyama, maana huyu alikuwepo kwa hakika. Unguja ilikuwa imeungana na bara kabla ya bahari kupanda mwishoni mwa enzi ya barafu, takribani miaka 10,000 iliyopita, na chui waliobaki upande wa kisiwani wakaendelea kuzaana wao kwa wao. Kwa kuwa kisiwa hakina simba wala fisi, chui ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanyama walao nyama, na kizazi baada ya kizazi umbo lake likawa dogo kuliko la wenzake wa bara, huku madoa yake, ambayo kwa chui wa kawaida hujipanga mithili ya maua, yakivunjikavunjika na kuwa vidoa vidogo vilivyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza, R. I. Pocock, alimweleza kuwa nususpishi ya peke yake, yaani tawi la pekee ndani ya spishi ya chui, akamwita *Panthera pardus adersi* kwa heshima ya Dkt. Aders, mwanabiolojia aliyefanya kazi Zanzibar, ambaye jina lake limo pia katika jina la kisayansi la paa nunga. Uainishaji wa baadaye uliwakusanya chui wote wa Afrika katika kundi moja, lakini ngozi chache zilizohifadhiwa katika makumbusho bado zinamtofautisha huyu wa Unguja kwa yeyote anayezitazama. Jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kumchunguza akiwa hai porini. Tunachokijua juu yake kimetoka katika ngozi, mafuvu na maneno ya wasasi.

Maneno hayo ndiyo ufunguo wa habari yote. Katika mapokeo ya vijiji vya Unguja, chui hakuwa mnyama wa mwitu tu. Kulikuwa na chui wa porini, na kulikuwa na chui wa kufugwa, yaani mwenye mtu wake. Iliaminika, na wengi wanaamini hadi leo, kwamba wachawi hufuga chui, huwazalisha, huwafunza, hubadilishana wao kwa wao, kisha huwatuma usiku kwa jirani waliyegombana naye. Mbuzi akikutwa ameraruliwa bandani, swali la kwanza halikuwa chui huyu ametoka msitu gani, bali ametumwa na nani. Nadhani msomaji aliyekulia kijijini, hata kama si wa Unguja, anaielewa vizuri nguvu ya swali la namna hiyo, kwa sababu hasara inayotokana na mnyama haina wa kulaumiwa, ilhali hasara inayotokana na mtu ina jina na nyumba.

Idadi ya watu ilipoongezeka, mashamba yakasogea hadi kwenye vichaka ambamo chui alikuwa akijificha, na paa aliokuwa akiwategemea wakazidi kuwindwa. Chui mwenye njaa hukaribia mazizi, na kila alipokaribia alizidi kuthibitisha imani kwamba ametumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaanzishwa kampeni kubwa iliyoongozwa na Kitanzi, mganga mashuhuri wa kufichua wachawi, ambayo ilikusudia kukomesha uchawi na kuua chui kwa pamoja, kwa kuwa machoni pa watu hayo yalikuwa jambo moja. Hata kampeni ilipopoa, chui aliendelea kuhesabiwa kuwa mnyama mharibifu wa kuuawa popote anapokutwa. Mtafiti wa mwisho kudai kwamba amemwona kwa macho yake alikuwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka uliandaa mpango wa kumlinda, ukaachwa mwaka 1997 baada ya watafiti kukosa dalili yoyote ya kuwepo kwake ndani ya msitu huo na kandokando yake.

Hapa ndipo penye fundo. Mtafiti anapotandaza msituni kamera za mtego, yaani zile zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, na kukosa picha, kwake hiyo ni hoja kwamba chui hayupo. Kwa mwanakijiji anayejua kwamba chui waliobaki ni wa kufugwa, hoja hiyo haina uzito hata kidogo, kwa sababu chui mwenye mtu wake hakai msituni kusubiri kamera. Hukaa kwa bwana wake na hutoka anapotumwa. Imani iliyochangia kummaliza mnyama ndiyo hiyohiyo inayomfanya asiweze kutoweka katika maneno ya watu. Inafahamika hata kwamba baadhi ya wanavijiji hujitolea kuwapeleka wageni na watafiti kwa watu wanaosemekana kufuga chui, kwa malipo, na kwamba safari hizo zote zinazojulikana zimeishia njiani: leo mwenyewe amesafiri, kesho chui amehamishiwa kijiji kingine.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya kwetu tu. Sivyo. Uingereza haijawahi kuwa na chui wa mwitu tangu enzi ya barafu, lakini tangu miaka ya 1960 watu wake wamekuwa wakitoa taarifa za kuona paka wakubwa weusi au wa rangi ya mchanga wakikatiza barabara za mashambani, kwanza katika jimbo la Surrey, kisha Exmoor, ambako mwaka 1983 wanajeshi wa majini walitumwa kumvizia mnyama aliyekuwa akiua kondoo wasimpate, na baadaye Bodmin, katika jimbo la Cornwall. Ukiwauliza Waingereza wanyama hao wametoka wapi, wengi watakujibu kwamba walikuwa wa watu. Mwaka 1976 ilipitishwa sheria iliyomtaka kila anayefuga mnyama hatari awe na leseni, na inasemekana kwamba baadhi ya matajiri waliokuwa wakifuga puma, yule paka mkubwa wa Amerika, na chui majumbani waliwaachia porini usiku kuliko kuingia gharama hizo. Kwa hiyo visiwa viwili vilivyo mbali namna hii, kimoja kinachozungumza uchawi na kingine kinachozungumza leseni, vimefikia maelezo ya sura moja: nyuma ya chui yuko mtu asiyetaka kujulikana. Maelezo ya namna hiyo hudumu kwa sababu kukosekana kwa mnyama hakuyavunji.

Mwaka 1995 wizara ya kilimo ya Uingereza iliamua kuchunguza Bodmin kwa makini. Wachunguzi walikwenda mahali palepale palipopigwa picha za mnyama, wakasimamisha ufito wenye vipimo pale alipokuwa amesimama, na walipolinganisha wakaona kwamba baadhi ya majitu hayo yalikuwa na kimo cha paka wa nyumbani. Ripoti ilisema kwamba hakuna ushahidi uliothibitika, ingawa haikuweza kuthibitisha kwamba mnyama hayupo. Muda mfupi baadaye fuvu likaokotwa katika mto Fowey, lenye meno makali ya mbele, na magazeti yakatangaza kwamba wizara imeumbuka. Fuvu lilipelekwa kwenye Makumbusho ya Historia ya Viumbe mjini London, na wataalamu wakakubali mara moja kwamba ni la chui halisi, dume changa. Lakini upande wa nyuma ulikuwa umekatwa kwa namna wanavyokata watengenezaji wa mazulia ya ngozi yenye kichwa, na ndani yake, palipokuwa na ubongo, kulikuwa na kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto asiyeishi Uingereza. Chui yule alifia mbali, akasafiri akiwa zulia, na mtu akamtupa mtoni. Napenda sana mfano huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba hata mfupa mkononi hautoshi mpaka uulizwe umefikaje hapo.

Bado tunabaki na jicho lenyewe. Kipimo cha mnyama hakionekani, bali hukisiwa na akili kwa kumlinganisha na kitu kilicho jirani yake chenye ukubwa unaojulikana. Mchana barabarani kuna baiskeli, kuna mlango, kuna mtu. Wakati wa magharibi kwenye uwazi wenye nyasi hakuna chochote, na paka mweusi aliye hatua thelathini na chui aliye mbali zaidi hujaza sehemu ileile ya jicho. Ongeza kwamba tukio lenyewe huchukua sekunde mbili au tatu, kwamba mwili umekwisha kushtuka kabla ya akili kuuliza, na kwamba mtu huyu amesikia habari za chui tangu utotoni. Hasemi uongo anaposema amemwona. Ameona kitu, na akili yake imekijaza kwa kile inachokijua. Unguja ina ngawa na kanu, wanyama wa usiku wenye madoa, ambao kwa mkupuo mmoja wa tochi wanaweza kumtisha hata mtu mzoefu.

Hata hivyo, ningekosea kama ningeishia hapo, kwa sababu wapo walioona na wakawa wamesema kweli. Mwaka 1980 mkulima wa Cannich huko Scotland, baada ya kulalamika muda mrefu bila kusadikiwa, alitega mtego na kumnasa puma mzima. Alikuwa mpole kiasi kwamba ilidhaniwa alikuwa amefugwa na mtu. Mwaka 2001 alikamatwa linksi, paka wa mwitu mwenye mkia mfupi, ndani ya jiji la London. Na huko Laikipia nchini Kenya, ambako wenyeji walikuwa wakisema kwamba kuna chui mweusi, picha za wazi za kamera za mtego zilitangazwa mwaka 2019, zikimwonyesha mnyama ambaye madoa yake hujitokeza kwa mbali chini ya weusi wa ngozi. Unguja kwenyewe kuna mfano wa kanu aliyeelezwa kisayansi mwaka 1998 tu kutokana na vielelezo vya wanyama waliokufa, kisha akapigwa picha akiwa hai mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mfano huu unakata kote kuwili: unaonyesha kwamba kisiwa kinaweza kuficha mnyama, na unaonyesha pia kwamba kamera zilizomnasa kanu, mnyama mdogo na mwenye haya, hazikumnasa chui.

Mwaka 2018 timu ya kipindi cha televisheni cha Marekani kinachowatafuta wanyama waliotoweka ilitega kamera Unguja na kupata mkanda mfupi wa usiku unaoonyesha mnyama kama chui. Mkanda huo uliwapa moyo watu wengi, na mimi nauchukulia kwa uzito, lakini mnyama mmoja hatoshi. Chui wa porini kwa kawaida hafikishi miaka 20. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 imepita miaka zaidi ya 40, kwa hiyo chui yeyote anayetembea leo lazima awe na mama na baba waliokutana, na hao nao vilevile. Familia ya namna hiyo huacha alama: mzoga uliopandishwa juu ya tagaa, kinyesi chenye manyoya ya paa, mikwaruzo kwenye gome, na usiku ile sauti yake ya kukereza, kama mtu anayepasua ubao kwa msumeno.

Kwa hiyo atakayekutana na alama za mnyama asiyemjua huko Jozani au Muyuni ana kazi ya kufanya kabla ya kwenda kusimulia. Unyayo wa chui ni wa mviringo, una vidole vinne, na kwa kawaida hauonyeshi kucha, kwa kuwa paka huzirudisha ndani anapotembea. Wa mbwa ni mrefu zaidi na kucha zake huchoma udongo mbele ya kila kidole. Aweke sarafu kando ya unyayo na kupiga picha kutoka juu kabisa, kisha aufunike kwa sufuria mvua isiufute. Akikuta kinyesi, achukue kipande kwa kijiti, akikaushe na kukifunga ndani ya karatasi, wala asikitie kwenye mfuko wa plastiki kikiwa kibichi, kwani unyevu huharibu vinasaba. Kama aliona mnyama mwenyewe, arudi asubuhi na mtu mwingine, amsimamishe pale pale mnyama alipokuwa, naye asimame alipokuwa amesimama jana, kisha atazame tena.