Kwa nini taamuli ya yoga huanza kwa sauti ya mwalimu?

Watu wengi wa Mombasa wanaijua yoga kwa sura yake ya nje: kikundi kimejipanga ufuoni Nyali asubuhi, mikono juu, mguu mmoja nyuma, wanajinyoosha kabla jua halijawa kali. Hicho ni kipande chake kidogo. Aliyeifuata kwa dhati atakwambia kwamba kunyoosha viungo ni matayarisho ya kuketi, na kuketi katika taamuli, yaani kutuliza akili na kutazama ndani, ni matayarisho ya kukombolewa.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Kukombolewa na nini? Na kama safari yenyewe ni ya ndani ya nafsi, mbona mwanafunzi akishafumba macho mtu mwingine anamsemesha dakika ishirini nzima: legeza taya, vuta pumzi, toa pumzi, tazama katikati ya nyusi? Mtu anayetafuta utulivu angetarajia kwanza kuachwa kimya.

Swali hilo la pili watu huliona dogo. Mimi naliona zuri kuliko lile la kwanza, kwa sababu ukilifuata vizuri linakufikisha kwenye jibu la yote mawili.

Kwanza huo ukombozi. Jina lake mashuhuri ni moksha. Katika Uhindu na Ujaini, dini mbili zilizoanzia India, maisha ni mzunguko: mtu huzaliwa, hutenda, hufa, kisha huzaliwa tena kuvuna aliyoyatenda. Moksha ni kutoka katika mzunguko huo usirudi tena. Wajaini wa Mombasa wana hekalu lao la marumaru nyeupe huko Langoni, lililojengwa mwaka 1963. Wanaowaheshimu zaidi katika dini hiyo ni wale wanaoaminiwa kuwa walikwisha kutoka na wakawaonyesha wengine njia, yaani matirthankara. Tazama wanavyochongwa: ama wameketi miguu imekunjwa na viganja vimepakatana mapajani, ama wamesimama wima mikono ikining'inia tu. Hawashiki silaha wala hawanyooshi mkono kubariki. Wako katika taamuli, basi.

Yoga nayo ina andiko lake la msingi, Yoga Sutra, linalonasibishwa na Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India. Lina umri wa zaidi ya miaka 1,500 na ni fupi mno: semi 195, au 196 katika baadhi ya nakala, nyingine hazizidi maneno manne. Katika semi za mwanzo kabisa mwandishi anamaliza kazi. Yoga, anasema, ni kutulizwa kwa mizunguko ya akili. Ikitulia, mtazamaji hukaa katika hali yake mwenyewe. Isipotulia, mtazamaji hujidhania kuwa ni ile mizunguko.

Neno la kushika hapo ni mtazamaji. Kwa mujibu wa mafundisho haya, ndani ya kila mtu kuna anayeona na kuna vinavyoonwa. Hasira huonwa. Maumivu ya goti huonwa. Kumbukumbu ya deni, wimbo uliokwama kichwani, hofu ya kesho, vyote huonwa. Keti ufukweni Mama Ngina jioni utazame meli zikiingia bandari ya Kilindini: inapita ya makontena, inapita ya mafuta, nawe umeketi palepale ukutani. Mawazo ndivyo yanavyopita, na kifungo cha mwanadamu, wasemavyo watu wa yoga, ni kwamba hupanda kila meli inayopita kisha akashangaa mbona hafiki kwao. Ukombozi ni kujua, tena kwa kuonja na si kwa kusoma tu, kwamba wewe ni yule aliyeketi.

Sasa turudi kwenye sauti.

Mwachie kimya mtu asiyezoea, umwambie tu, "Tafakari." Katika dakika ya kwanza kichwa chake kitajaa maagizo yake mwenyewe. Je, nimeketi sawasawa? Nivute pumzi kwa pua au kwa mdomo? Dakika ngapi zimepita? Mbona sioni kitu? Anafanya kazi mbili kwa pamoja, kuongoza na kutazama, na ile ya kuongoza ina kelele kiasi kwamba ya kutazama haipati nafasi. Mwalimu anapoanza kusema, anamtua ile kazi ya kwanza. Hahitaji tena kuamua kinachofuata wala kuhesabu muda. Anabaki na kazi moja tu, ya kutazama, na pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake anaonja kukaa upande wa mtazamaji. Hilo ndilo jibu. Sauti ipo ili kuishughulisha ile sehemu ya akili inayopenda kuamrisha, na sehemu nyingine ipate kupumua.

Ukitaka kuona inavyofanya kazi, ifuate taamuli moja ya kuongozwa tangu mwanzo. Huanza chini, kwenye makalio. Bhagavad Gita, andiko tukufu la Wahindu, katika sura ya sita, inaagiza mahali safi pasipokuwa juu sana wala chini sana, na tandiko la nyasi, ngozi na kitambaa. Kwetu mkeka na leso, yaani kanga, vinatosha. Leso hukunjwa mara kadhaa ikawa kibunda, ukaikalia kwa ukingo wa mbele, hata magoti yakashuka chini kidogo ya nyonga. Kitu kidogo, lakini bila hicho mgongo hupinda kabla ya dakika tano, na mgongo ukipinda usingizi haukawii.

Kisha sauti huzunguka mwilini. Vidole vya miguu, nyayo, mashavu ya miguu, magoti. Huenda polepole, na mwalimu mzuri hukata sentensi zake fupi, huziweka pale wanafunzi wanapotoa pumzi, na huacha mkato mrefu kuliko unavyoutarajia. Hiyo si mapambo. Moyo huenda kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na hupunguza anapoitoa, kwa kazi ya mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Sauti ikimshusha hadi kama sita, kutoa kukawa kurefu kuliko kuvuta, mwili wenyewe hupokea habari kwamba hakuna hatari. Mtu hata hajui ameanza kuufuata mwendo wa sauti.

Ikifika usoni, utasikia agizo la kulegeza ulimi. Wengi hushangaa. Mtu anapowaza kwa maneno, misuli ya kusemea hutikisika kidogo hata midomo ikiwa imefungwa. Jaribu sasa hivi: acha ulimi ulale chini mdomoni kama usio wako, kisha ujaribu kugombana na mtu kichwani. Utaona ugomvi wenyewe unapungua makali.

Nje, Mombasa hainyamazi. Tuktuk inapiga honi, mwenye mkokoteni anaomba njia, adhana inaingia kutoka misikiti mitatu kwa pamoja. Hapa ndipo mwongozo hugeuka. Mwalimu hasemi, "Usisikie." Husema, "Sikia, kisha usifuate." Patanjali aliigawa njia katika viungo vinane. Viwili vya mwanzo ni vya mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuridhika na mfano wa hayo. Watu huviruka haraka, nami naona ndiyo hasara kubwa ya yoga ya siku hizi. Cha tatu ni mkao, cha nne ni pumzi, na cha tano, pratiahara, ni huku kuzirudisha hisia nyumbani. Sauti ya honi imefika sikioni, umeijua ni honi, na akili haikutoka kwenda kumtafuta dereva.

Baadaye huja pumzi yenyewe, na mara nyingi neno la kuibeba. Moja lililoenea ni so ham: so wakati wa kuvuta, ham wakati wa kutoa, maana yake "Yeye ndiye mimi". Maandiko ya kale ya yoga yanasema kila kiumbe husoma mantra hii bila kujua, mara 21,600 kwa siku. Ukichukua kalamu utaona walivyofika hapo: pumzi 15 kwa dakika, mara 60, mara 24. Hawakuwa na saa za mkononi, na bado hesabu yao imeangukia ndani ya kiwango kilekile ambacho daktari huandika leo kwenye kadi ya mgonjwa.

Viungo vitatu vya mwisho ndivyo vinavyoeleza kwa nini sauti haiwezi kudumu. Cha sita, dharana, ni kuifunga akili mahali pamoja. Cha saba, dhiana, ni pale usikivu unapotiririka bila kukatika. Cha nane, samadhi, ni pale kinachotazamwa kinapobaki peke yake na mtu akajisahau. Sauti inaweza kukufikisha dharana, kwa kuwa inakurudisha kila unapopotea. Haiwezi kukupeleka mbele ya hapo, kwani kila neno linalosemwa hukata mtiririko. Kwa hiyo mwalimu anayeijua kazi yake huanza kuondoka. Wiki za mwanzo husema karibu kila baada ya pumzi mbili. Baadaye huacha dakika nzima. Mwishowe husema maneno machache ya kuanzia na kugonga kengele ya kumalizia, na kati yake hamna kitu. Ninapoona watu wametegemea rekodi ileile ya simu mwaka baada ya mwaka, maneno yaleyale bila pengo, nasikitika kidogo, kwani wamepewa nusu ya mafunzo.

Kuna mitindo inayoibakiza sauti hadi mwisho, na ina sababu zake. Yoga nidra, iliyoenezwa na Swami Satyananda wa shule ya Bihar nchini India tangu miaka ya 1960, hufanywa mtu amelala chali, na sauti ndiyo humshika asizame usingizini kabisa. Wajaini kwa upande wao wana ibada ya samayika, ambapo mtu wa kawaida, mfanyabiashara au mama wa nyumbani, huketi dakika 48 akiacha shughuli za dunia. Wengi huzijaza kwa sala walizohifadhi, na sauti inayowaongoza hapo ni yao wenyewe.

Je, sayansi inaona chochote? Inaona kiasi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapiga picha za ubongo watu waliozoea taamuli kwa muda mrefu, wakakuta kwamba zile sehemu zinazochangamka mtu anapojiwazia mambo yake zilikuwa zimetulia zaidi kuliko kwa wasiozoea. Hilo linakaribiana na aliyoyasema Patanjali kuhusu mizunguko ya akili. Moksha yenyewe haina kipimo cha mashine, na sioni kwa nini tuilazimishe iwe nacho.

Katika mji wa Waislamu na Wakristo wengi kama huu, swali la dini haliepukiki, na linastahili jibu la wazi. Kuketi, kulegeza mwili na kutazama pumzi ni mambo ambayo mtu wa imani yoyote anaweza kuyafanya. Lengo la moksha, kuzaliwa tena na mantra kama so ham ni itikadi, na zina wenyewe. Mwalimu anayezificha ili apate wanafunzi zaidi hawatendei haki wanafunzi wala mila aliyoirithi. Muulize kabla ya siku ya kwanza: kuna mantra? Kuna picha au sanamu ya kuinamiwa? Nia ya zoezi ni nini? Akikujibu kwa upole na ukweli, utajua uchukue kipi na uache kipi, na unaweza kumuuliza sheikh au padri wako ukiwa na habari kamili. Akikwambia utayajua baadaye ukishalipa, nenda zako.

Uangalifu mwingine ni wa mwili. Mwenye presha, mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo na mama mjamzito waache mazoezi ya kuzuia pumzi hadi wazungumze na daktari. Pumzi ya kawaida inayotazamwa tu inawatosha. Aliyepitia jambo zito, au anayetibiwa maradhi ya akili, asikae muda mrefu peke yake amefumba macho. Aketi na mwalimu anayeijua hali yake, afumbue macho kila anapoona ndani kumechafuka, na dawa zake asiziache.

Anayetaka kujaribu nyumbani anaweza kuwa sauti ya kujiongoza mwenyewe. Andika maagizo kumi kwa Kiswahili unachokizungumza kila siku, cha Kimvita ikiwa ndicho chako, kama vile: keti, legeza mabega, legeza taya, acha ulimi ulale, sikia sauti za nje, ziache, tazama pumzi puani, na la mwisho, inuka. Yarekodi kwenye simu kwa sauti ya chini, ukihesabu pumzi tatu kati ya agizo na agizo. Sikiliza asubuhi moja baada ya nyingine, mapema, kabla nyumba haijaamka. Unapoona umeshalijua agizo linalofuata kabla halijasemwa, rekodi upya, ufute maagizo mawili na uyarefushe mapengo. Endelea hivyo mpaka yabaki mawili: keti, na inuka.