Orodha ya Mameya wa Dar es Salaam Siyo Mstari Mmoja

Wiki hii nimetumiwa tena ile orodha: mameya wa Dar es Salaam tangu Amri Abedi hadi leo, majina yamepangwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Chini yake kuna swali: kwa nini meya wa sasa hasafishi jiji zima? Nimelijibu mara nyingi mno, basi nalijibu hapa.

La Amri Abedi nilimalize haraka. Mwaka 1960 alikuwa meya wa kwanza Mwafrika, siyo meya wa kwanza. Manispaa ilikuwepo tangu 1949, na miongoni mwa waliomtangulia yumo Abdulkarim Karimjee. Heshima ya Sheikh Amri haihitaji wengine wafutwe.

Linaloniudhi hasa ni ule uzi. Umekatika, tena zaidi ya mara moja. Madaraka Mikoani, mpango wa serikali wa kuhamishia utawala mikoani, yalipoanza miaka ya 1972 na 1973, halmashauri zilivunjwa. Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Pasipo baraza, hakuna wa kuvaa joho. Huduma za miji zikazorota, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye akalivunja baraza la Dar es Salaam, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000. Keenja hakuwa meya. Hakuchaguliwa na diwani yeyote.

Hapo nakiri nasitasita. Ukiandika historia ya mameya, Keenja hana nafasi. Ukiandika historia ya uongozi wa jiji, huwezi kumruka. Nimewahi kumweka, nikamtoa, nikamrudisha. Siku hizi namwandika na kueleza cheo chake, ingawa najua wapo wenzangu wanaoona nimechanganya mambo.

Tume ilipoondoka, Dar es Salaam ilipata manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Tafadhali someni hapa polepole. Kila manispaa ilikuwa na meya wake, mkurugenzi wake, bajeti yake na kata zake. Jiji halikuwa na kata hata moja. Lilishika mambo ya pamoja, kama dampo la Pugu na stendi ya mabasi ya Ubungo. Kwa hiyo Kleist Sykes, Kimbisa, Masaburi na Isaya Mwita waliitwa Mstahiki Meya wa Jiji, lakini mtaro ulioziba Sinza ulikuwa wa Kinondoni, na baadaye wa Ubungo. Kuwapima viongozi hao kwa mtaro huo ni kuwaonea.

Wala meya wa manispaa hakuwa na rungu la kufanya apendavyo. Anaongoza vikao vya baraza. Mtendaji ni mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Hata hivyo siwakubali wanaosema umeya ni pambo tu. Mwaka 2016 uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kadhaa kabla Mwita wa CHADEMA hajashinda katika Ukumbi wa Karimjee. Watu hawagombanii pambo kiasi hicho.

Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Hapa ndipo orodha ile inapopotosha kabisa. Omary Kumbilamoto aliyefuata hakurithi kiti cha Mwita. Alikuwa meya wa eneo lililokuwa Ilala, na cheo kikabadilika jina. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zilibaki na mameya wao. Ukiwa Mbagala na taka hazijazolewa, meya wako ni wa Temeke. Mpelekee yeye na diwani wa kata yako.