Aliyepigwa, awahi: shambulio la kudhuru mwili na adhabu zake Tanzania

Neno "ugomvi" linaficha mengi. Mtu kapasuliwa mdomo, majirani wanasema "walikuwa wanagombana tu". Kisheria tendo hilo lina jina: shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na anayetiwa hatiani anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Kofi lisiloacha alama nalo ni kosa. Hilo ni shambulio la kawaida, kifungu cha 240, kifungo hadi mwaka 1. Madhara yakiwa makubwa, mathalani ulemavu wa kudumu, kifungu cha 225 kinafikisha miaka 7. Ikithibitika mtu alidhamiria kumlemaza mwenzake, kifungo cha maisha kinawezekana.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Aliyenipiga ni mume wangu, nayo ni kesi?" Ndiyo, ni kesi. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hakuna mahari inayonunua ruhusa hiyo.

Kinachoniuma ni muda unaopotea. Mama mmoja alinionyesha picha kwenye simu: jicho limevimba, limefumba kabisa. Nilipomtazama usoni, hapakuwa na alama. Wiki tatu zilikuwa zimepita, wazee wakimwambia asubiri kikao cha ukoo. Angewahi polisi siku ileile angepewa PF3, fomu ya polisi ambayo aliyejeruhiwa huenda nayo hospitali, daktari akaandika humo alichokiona: ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo, na kama kilichotumika ni kitu butu au chenye ncha. Kesi haifi kwa kukosa fomu hiyo peke yake, maana walioshuhudia wana uzito wao, lakini mwendesha mashtaka anabaki na kazi ngumu ya kuthibitisha jeraha pasipo kuacha shaka. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza, fomu itafuata.

Kwa makosa madogo mahakama inaweza kuhimiza suluhu, na inaweza pia kuamuru mshtakiwa alipe fidia. Kujitetea kunakubalika, mradi nguvu iliyotumika ilingane na hatari iliyokuwapo. Kumfuata mtu aliyekwisha kimbia na kumpiga si kujitetea.

Nguo iliyochanika au yenye damu usiifue. Ikabidhi polisi kama ilivyo.