Aliyeanguka kabla ya mstari si sawa na aliyeanguka baada yake

Februari 1982, mjini Kona huko Hawaii, mwanafunzi wa chuo aitwaye Julie Moss alikuwa anawaongoza wanawake wote kwenye Ironman, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Alikuwa ameingia kushindana ili apate data za utafiti wake wa chuo. Mstari wa kumalizia ukiwa unaonekana, miguu ikagoma. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita, naye Moss akamalizia kwa kutambaa, nyuma kwa sekunde 29. Televisheni ya Marekani ilionyesha yote, na mchezo ambao wachache waliujua ukapata jina. Sisi wa tiba ya michezo tunaitazama picha ile kwa moyo nusu nusu, maana imewazoesha watu kumshangilia mtu ambaye pengine anahitaji machela.

Mchezo huo huitwa triathloni, na ndefu ya aina hiyo ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote siku moja na kwa kawaida ndani ya saa 17. Kwa upande wetu, mwaka 2022 nusu ya masafa hayo ilifanyika kwa mara ya kwanza Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Kwa hiyo si habari ya Wazungu wa mbali tena, na anayejitolea kugawa maji pembeni mwa njia anafaa kujua anachokitazama.

Mtu akianguka, swali la kwanza tunalouliza ni hili: ameangukia wapi?

Akianguka baada ya kuvuka mstari, mara nyingi ni shinikizo la damu lililoshuka ghafla. Anapokimbia, misuli ya miguu hubana mishipa na kuirudisha damu juu kwenye moyo. Akisimama ghafla kupigwa picha na kuvishwa medali, ule msukumo unakoma huku mishipa ikiwa bado imepanuka. Damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa, anadondoka. Mlaze chali, inua miguu yake juu kuliko kifua, mpe muda. Wengi huamka wenyewe wakaanza kuulizia soda. Dripu haihitajiki kwa wengi wao, hata kama ndugu zake wanaidai kwa sauti. Kinga yake ni rahisi zaidi: ukivuka mstari, endelea kutembea.

Aliyeanguka kabla ya mstari hana sababu hiyo, kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado inafanya kazi. Huyo mhesabu kuwa mgonjwa mahututi hadi ithibitike vingine. Kama haitiki na hapumui sawasawa, hapo ni moyo: anza kukandamiza kifua mara moja na tuma mtu akalete mashine ya kushtua moyo.

Kama anapumua lakini anayumba, anafoka ovyo, anataja mji usio huu au anakimbilia upande alikotoka, fikiria kiharusi cha joto. Hapo joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuathirika. Watu wengi hudhani mgonjwa wa joto lazima awe na ngozi kavu. Mwanamichezo anaweza kuwa analowa jasho chapachapa na bado yumo hatarini. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso humdanganya muuguzi. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, na ndiyo maana hema la tiba linatakiwa liwe na pazia. Kanuni ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Anazamishwa hadi shingoni kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, joto lishuke ndani ya nusu saa. Pasipo na beseni, watu wanne wanashika pembe za turubai, mgonjwa analazwa katikati, maji na barafu vinamwagwa na kutikiswa. Barafu ya wauza samaki inafaa kabisa. Kumkimbiza hospitali kwa gari lenye foleni mbele yake huku mwili ungali moto ni kosa linaloua.

Halafu kuna tatizo linalowashangaza wengi, la kunywa maji kupita kiasi. Mtu anayekwenda polepole kwa saa 14 hupita vituo vingi vya maji, na kila kituo anaambiwa anywe. Sodiamu, yaani chumvi iliyomo kwenye damu, inazimuliwa, ubongo unavimba. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walitoa damu mwishoni na asilimia 13 walikutwa sodiamu yao imeshuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, vidole vimejaa hadi pete inabana, uzito umeongezeka kuliko asubuhi. Huyu ukimpa maji zaidi unamdidimiza. Anahitaji kupimwa damu na kupewa chumvi kali kitaalamu. Ushauri wetu kwa mshiriki wa kawaida: kunywa ukiwa na kiu, usishindane na chupa.

Na kuna kuishiwa tu. Akiba ya wanga mwilini ni takribani kalori 2,000, ilhali mbio hizi hula 8,000 au zaidi. Tumbo hupokea gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, tena kama limezoeshwa mazoezini. Anayesukuma baiskeli kwa hasira kilomita za mwanzo huilipia kwenye marathoni, ambako tumbo lililokosa damu linakataa hata kipande cha ndizi.

Hapa nyumbani Tanzania tuna mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari, na tunajivunia. Kwenye Olimpiki ya Mexico City, 1968, aliumia goti, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika. Waliokuwa wameanza ni 75. Lakini Akhwari alikuwa na goti bovu na akili timamu. Goti linaweza kusubiri saa moja. Ubongo wenye joto la nyuzi 41 hauwezi, na mwenye nao hana tena uwezo wa kujiamulia, hivyo mwamuzi akimtoa njiani asilaumiwe.

Wapo pia wanaokosa kwa saa tu. Hiromu Inada wa Japani, akiwa na miaka 82, alifika Kona mwaka 2015 akiwa amepitisha saa 17 kwa sekunde chache, na hakuhesabiwa. Alirudi 2016 akamaliza. Mwaka 2018, akiwa na miaka 85, akamaliza tena.

Aliyetoka njiani aendelee kuangaliwa kwa siku mbili tatu. Asimeze ibuprofen wala diklofenaki kutuliza maumivu, kwa sababu figo zake tayari zinasafisha mabaki ya misuli iliyochanika. Mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi, au usipotoka kabisa, aende hospitali siku hiyo hiyo na aeleze kwamba alikuwa kwenye mbio.