Elimu kwa Umma: Msaada wa Kikonseli kwa Raia wa India Walio Nje, na Mahali Unapoishia

Miezi ya karibuni dawati letu la msaada wa kisheria limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana: "Ubalozi umetutelekeza." Wanaoleta malalamiko hayo ni raia wa India wanaofanya kazi hapa nchini, wake na waume zao Watanzania, waajiri wao, na mara mojamoja mwenye nyumba wa Upanga ambaye mpangaji wake hajaonekana wiki nzima. Tunaamini wote wanakuja kwa nia njema. Ila mengi ya mashauri hayo, tukiyafungua, tunakuta ubalozi uliombwa jambo usiloruhusiwa kulifanya, au uliombwa wakati muda wa kisheria umeshapita. Makala haya ni elimu ya jumla. Mwenye kesi yake atafute wakili.

Kwanza, ni nani anayehudumiwa. Ubalozi wa India ulioko Dar es Salaam na ubalozi wake mdogo wa Zanzibar vinahudumia raia wa India. Mtanzania ambaye babu yake alitoka Kutch, India, ni Mtanzania, na akipatwa na matatizo Muscat anakimbilia ubalozi wa Tanzania. Hili tunalirudia kila mara, na bado yupo anayetujibu, "Lakini damu yangu ni ya kule." Afisa wa kikonseli, yaani afisa wa ubalozi anayehudumia raia wa nchi yake, hapimi damu, anafungua pasipoti. Wenye umri mkubwa wanakumbuka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Familia zilizokaa mtaa mmoja Kampala, zikisali pamoja na kuozana, ziligawanywa na vitabu vya safari: wenye pasipoti za Uingereza wakaelekea Uingereza, wenye za India wakaelekea India, na wale ambao hakuna nchi iliyowatambua wakasubiri Umoja wa Mataifa uwatafutie pa kwenda.

Kadi ya OCI (Overseas Citizen of India, yaani "Raia wa India wa Ng'ambo"), ambayo India ilianza kuitoa baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2005, imezidisha mkanganyiko. Jina lake lina neno uraia, lakini mwenye nayo si raia. Anaingia India bila viza maisha yake yote na kukaa atakavyo, ila hapigi kura na hanunui shamba. Kadi ya zamani ya PIO, ya watu wenye asili ya India, iliunganishwa na hii Januari 2015. Ukikamatwa Dar es Salaam ukiwa na pasipoti ya Kenya na kadi ya OCI, ofisi inayokuhusu ni ubalozi wa Kenya.

Hapo ndipo lilipo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, na naomba nilieleze kwa utaratibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Uganda nayo inaruhusu. India hairuhusu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Uraia ya India ya mwaka 1955 kinasema raia akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, uraia wa India unakoma. Hausubiri barua wala hukumu. Kwa hiyo aliyepata uraia wa Kenya mwaka juzi na bado ana pasipoti ya India kwenye droo hana uraia wa nchi mbili. Ana uraia mmoja, na kitabu kisicho chake. Anachotakiwa kufanya ni kukirejesha ubalozini, kibatilishwe, apewe cheti cha kurejesha pasipoti, na kwa cheti hicho ndipo aombe OCI. Bila cheti, ombi la OCI halisogei. Akiitumia pasipoti hiyo kusafiria anavunja Sheria ya Pasipoti ya India ya mwaka 1967, ambayo kifungu chake cha 12 kinasema asiye raia anayeomba au kupata pasipoti ya India kwa kuficha habari za uraia wake anaweza kufungwa kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, pamoja na faini ya rupia 10,000 hadi 50,000. Kusema "sikujua" hakufuti kosa.

Mtoto aliyezaliwa nje ya India naye ana masharti yake. Sheria inataka kuzaliwa kwake kuandikishwe ubalozini ndani ya mwaka mmoja, na wazazi watamke kwa maandishi kwamba hana pasipoti ya nchi nyingine. Mwaka ukipita, lazima kibali cha Serikali ya India kipatikane kwanza, na kibali hicho hakitoki kesho. Kwa wenzetu waliooana, mmoja Mtanzania na mwingine raia wa India, mtoto aliyezaliwa hapa ni Mtanzania kwa kuzaliwa. Wazazi wasimtafutie pasipoti mbili kimyakimya wakidhani wanampa urithi. Mtoto mwenye uraia wa India na wa nchi nyingine anapofikisha umri wa utu uzima ana miezi sita ya kuukana huo wa nchi nyingine, la sivyo wa India unamtoka. Sheria ya Tanzania nayo inamtaka achague. Kaeni mkae kama familia mliamue hili mapema.

Sasa tuje kwenye kukamatwa, ambako simu hupigwa usiku na kila mtu anamjua mtu anayemjua balozi. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli inawataka polisi wamweleze mgeni waliyemshika, bila kuchelewa, kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe. Akiomba, wanaujulisha. Tuseme neno hilo tena: akiomba. Wapo wasiotaka nyumbani wajue, na hiyo ni haki yao. Shemeji kulia mapokezi hakubadilishi kitu. Akishaomba, afisa wa kikonseli anaweza kumtembelea mahabusu, kuzungumza naye, kuandikiana naye, kumpa orodha ya mawakili na kusaidia apate uwakilishi, na kufuatilia asiteswe wala kubaguliwa. Hawezi kumwekea dhamana au kusimama kama mdhamini wake. Hawezi kuchunguza kesi, wala kumpigia hakimu simu. Ibara ya 55 ya mkataba huohuo inamkataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyopo. Pasipoti kushikiliwa na mahakama wakati wa dhamana ni sharti la kawaida, halihitaji malalamiko ya kidiplomasia. Na yapo makosa, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambayo hapa kwetu hayana dhamana hata mshtakiwa awe mtoto wa nani.

Anayeona tunapunguza nguvu ya ubalozi aitazame kesi ya Kulbhushan Jadhav, raia wa India aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Pakistan. India ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na tarehe 17 Julai 2019 ikashinda hoja kuu: Pakistan ilikiuka ibara ya 36 kwa kumnyima nafasi ya kuonana na maafisa wa nchi yake. Lakini India iliomba pia hukumu ifutwe na mtu wake aachiwe. Majaji hawakukubali. Waliamuru Pakistan ipitie upya hukumu ile na kuitafakari. Ikiwa dola zima, mbele ya mahakama ya juu kabisa ya mataifa, halikupata amri ya kumtoa mtu gerezani, afisa wa dawati hawezi kumtoa mtu Oysterbay Polisi kabla ya saa nne asubuhi.

Fedha. Balozi za India zina Mfuko wa Ustawi wa Jamii ya Wahindi, ICWF, ulioanzishwa mwaka 2009, unaopata fedha kutokana na tozo ndogo juu ya huduma kama pasipoti na viza. Unaweza kulipia malazi ya aliyekwama, tiketi ya kumrudisha nyumbani, matibabu ya dharura, msaada wa kwanza wa kisheria, faini ndogo katika makosa madogo, na kusafirisha mwili. Wanaangaliwa kwanza wasio na uwezo. Mfanyabiashara mwenye maduka mawili anayeomba mfuko umlipie wakili anapoteza muda wake, na wetu pia.

Migogoro ya kazi ndiyo inayotusikitisha zaidi, maana watu wanapoteza haki zao wakiwa kwenye foleni isiyo yao. Fundi aliyeletwa kutoka Gujarat akiachishwa kazi Dar es Salaam, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na ana siku 30 tu tangu kuachishwa. Migogoro mingine, ikiwemo mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Barua aliyoiandikia ubalozi haisimamishi siku hizo kuhesabika. Akichelewa itabidi aombe kuongezewa muda na kueleza kila siku aliyochelewa ilikwendaje, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwajiri anayefungia pasipoti za wafanyakazi kwenye sefu ya ofisi naye aelewe kwamba kwa sheria ya India kitabu kile ni mali ya Serikali ya India, wala si dhamana ya mkopo wa tiketi. Hapo ubalozi una neno la kusema, na huwa unalisema.

Walio Ghuba wana njia zao. Raia wa India ambaye hakumaliza darasa la kumi, akienda kufanya kazi katika nchi 18 zilizotajwa, zikiwemo Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, lazima apate idhini ya uhamiaji kupitia mfumo wa eMigrate na akate bima ya PBBY, inayolipa rupia milioni moja kwa kifo au ulemavu wa kudumu utokanao na ajali. Wakala aliyesajiliwa haruhusiwi kumtoza zaidi ya rupia 30,000 kabla ya kodi. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha hiyo, hivyo anayekuja kwetu hapitii chujio hilo. Mkataba wake ausome mwenyewe kabla hajapanda ndege.

Mtu akifariki, familia inahitaji cheti cha kifo, pasipoti ya marehemu ili ibatilishwe, cheti cha kuhifadhiwa kwa mwili, idhini ya maandishi ya ndugu wa karibu, na taarifa ya polisi iwapo kifo si cha kawaida. Ubalozi unatoa barua ya kutokuwa na pingamizi ndipo shirika la ndege lipokee mwili. Ndugu wakibishana nani atie saini, mwili unabaki mochwari na gharama zinaongezeka kila siku.

Malalamiko rasmi hufunguliwa katika MADAD, mfumo wa Serikali ya India wa kupokea malalamiko ya kikonseli, uliopo mtandaoni tangu 2015, kwa namba ya pasipoti ya mhusika. Anayetuma hati ya uwakilishi kwenda India kwa ajili ya kiwanja au mirathi, baada ya kuithibitisha ubalozini, amkumbushe ndugu anayeipokea kwamba lazima ilipiwe ushuru wa stempu huko ndani ya miezi mitatu tangu kufika. Wengi huiweka kabatini hadi siku ya kuuza.